Begi la dharura ninunue au nisinunue? Na mama mkwe amesema haondoki

Swali nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Tunakaa bondeni karibu na mto, na huku kwetu ardhi hutikisika mara moja moja. Nimeona begi la dharura linauzwa mtandaoni, lina kila kitu mpaka filimbi, nataka kununua kabla mvua hazijaanza ila mume wangu anasema ni kuchezea hela. Nina watoto wawili wa shule na mama mkwe mwenye presha, na yeye ameshatangaza mafuriko yakija hatoki kwake, anasema ameona mengi. Nianzie wapi?"

Dada, salama kabisa. Nitakujibu kwa urefu maana hapo umefunga maswali matatu kwa kamba moja, na la begi ndo dogo kuliko yote. Mwambie shemeji begi sio kuchezea hela, ila ukilinunua ukaliweka ukajiona umemaliza, hapo sasa atakuwa amesema kweli.

Kuna familia niliwahi kuifanyisha zoezi, watu makini tu, begi wanalo na wananiambia sisi tuko tayari. Nikawaambia haya, leo saa 2 usiku nazima umeme wa nyumba nzima, nawapa dakika 5, nataka niwaone wote nje getini. Nikazima. Begi lilikuwa juu ya kabati nyuma ya masanduku, baba akapanda kiti gizani, tochi iko ndani ya begi, sasa niambie unatafutaje begi kwa tochi iliyoko ndani ya begi hilohilo! Mama anamwita mtoto mkubwa kwa sauti chumba hadi chumba, kumbe mwenzie ameshatoka kitambo kwa mlango wa nyuma na yuko nje anamwita mama. Bibi anapapasa miwani. Dakika 14 ndo wakatimia, na ile tochi ilipopatikana betri zilikuwa zimevuja zamani zimeganda unga mweupe. Hawakukosa kitu hata kimoja wale, walikosa kupangana tu, nani anambeba nani, mlango gani, tunakutana wapi.

Kwahiyo kabla ya kununua chochote kaeni chini mjue hatari zenu ni zipi, maana wewe umenitajia mbili na zinataka vitu viwili tofauti kabisa. Tetemeko haliji na taarifa, na hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia litapiga siku fulani saa fulani, zile voisi zinazosambazwa za "mwanasayansi amesema leo saa 3 usiku" futa tu usimtumie mwenzio. Mafuriko ya mto mara nyingi yanatoa muda, masaa na wakati mwingine hata siku, hasa kama mvua inanyesha juu kwenye vyanzo. Na hapo ndo wengi wanakosea, kwako kunaweza kuwa kukavu kabisa jua linawaka huku maji ya milimani yako njiani yanakuja. Tetemeko unabaki ulipo unajikinga, mafuriko unaondoka. Ukichanganya hayo mawili umeumia.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana hapo ndo penye kazi.

Usimwone mbishi. Mtu aliyeona mafuriko kumi na nyumba ikabaki imesimama ana ushahidi wake mkononi, wewe una utabiri tu. Shida ni kwamba ushahidi wake ni wa mafuriko yaliyopita, mto hauna mkataba na mtu, na pale juu siku hizi pengine miti imekatwa au watu wamejenga kwenye njia ya maji. Ila ukimwambia hivyo mtagombana bure. Mimi kwa uzoefu wangu watu wazima wakikataa kuondoka kuna kitu wanakiogopa na hawakitaji. Wizi. Mifugo. Hati ya nyumba. Aibu ya kulala ukumbini na watu wasiowajua, choo cha kupanga foleni. Kule Marekani kwenye kimbunga Katrina 2005 kuna watu walibaki kwasababu hawana gari, na wengine walibaki kwasababu waliambiwa mbwa na paka hawapokelewi, mpaka mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuzilazimu mamlaka ziweke wanyama kama hao kwenye mipango yao. Na Bangladesh kwenye kimbunga cha 1991 walikufa karibu watu 140,000, wanawake wengi kuliko wanaume, na moja ya sababu ni kwamba wengi walikuwa nyumbani na watoto wanasubiri mume arudi aseme twende, au wanaona haya kujibana na wanaume wa watu kwenye jengo moja. Baadae kule wakajenga hifadhi zenye sehemu ya wanawake, na vilima vya udongo vya kupandishia mifugo. Unaona, hawakuwahubiria watu, waliondoa ile sababu.

Kwahiyo muulize taratibu, siku ambayo hakuna mvua, mama ikitokea tumelazimika kutoka kitu gani hutaki kukiacha? Alafu mtengenezee hicho. Kama ni hati na picha za marehemu mzee, piga picha zote kwa simu, nakala hifadhi mtandaoni na nyingine mtumie ndugu anayekaa mbali, halisi funga kwenye nailoni mbili weka pamoja na dawa zake. Kama ni mgongo wake na sakafu ya ukumbi, tafuteni ndugu au rafiki anayekaa juu kwenye mwinuko, mumwombe sasa hivi sio siku ya maji, na mpelekeni akalale huko hata usiku mmoja kama mgeni tu, ili siku ile asione anapelekwa kusikojulikana.

Alafu wekeni alama. Hii nakuomba uifanye hata kama mengine yote utayaacha. Chagueni kitu kinachoonekana kutoka nyumbani, nguzo, jiwe, shina la mti, ngazi ya daraja, pakeni rangi, na mkubaliane wote yeye akiwepo: maji yakigusa hapa tunatoka, hakuna kikao. Alama iwe chini sana kuliko unavyofikiri, mkipima kwa muda mnaohitaji kumtembeza mama mkwe mpaka juu, sio muda wako wewe unaekimbia. Mwache yeye ndo achague pa kupaka, ameuona ule mto miaka mingi kuliko nyie, na mtu habishani na mstari alioupaka mwenyewe. Na tahadhari ya mamlaka ikitoka jioni msisubiri alama, tokeni mwanga ungalipo. Mtatoka bure mara moja, mara mbili, mtachekwa, basi mchekwe.

Kama utabiri wa mbali haumwingii mpe huu mfano wa Bangladesh hiyohiyo. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 2007 kikaja Sidr, nacho hakikuwa cha kitoto, wakafa kama 3,400. Msiba bado ni mkubwa huo lakini linganisha. Kilichobadilika kati hapo ni hifadhi za zege, ndio, na jeshi la wanakijiji wa kujitolea wanaozunguka mlango kwa mlango na vipaza sauti na bendera, moja, mbili, tatu kadiri hatari inavyopanda. Mtu anaondoka akiambiwa na anaemfahamu. Redio anaisikiliza tu.

Na hilo ndo linanileta kwa majirani. Kwenye tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, watu zaidi ya 6,400 walikufa, na kati ya waliotolewa kwenye vifusi karibu 8 kati ya 10 walitolewa na ndugu na majirani zao, sio zimamoto wala jeshi. Na hiyo ni Japani yenye vifaa vyote. Masaa ya mwanzo barabara zimefunga, simu hazishiki, zimamoto nao wamefukiwa au wana moto sehemu nyingine, kwahiyo timu yako ya uokoaji ni wale watu wa mlango wa pili ambao pengine mmenuniana kwa ajili ya uchafu. Wajue. Nani ana ngazi, nani ana shoka na mtarimbo, nani nesi, nani ana pikapu, nani analala peke yake na hasikii vizuri. Waambie na nyie mna mama mzee analala chumba cha upande gani, maana mchimbaji akijua mtu alipokuwa amelala anaokoa nusu ya kazi. Mexico City waokoaji wakihisi sauti kwenye kifusi mmoja ananyoosha ngumi juu, anaefuata ananyoosha, mtaa mzima unanyamaza, injini zinazimwa, wanasikiliza. Yani mamia ya watu wamesimama kwenye vumbi hakuna anaekohoa. Ndo maana hiyo filimbi ya begi siidharau, mtu aliyefukiwa akipiga kelele anaishiwa pumzi na anameza vumbi, filimbi au kugonga bomba mara tatu, anyamaze, arudie, kunasikika mbali zaidi.

Watoto. Swali lako halikuuliza lakini wako shule nusu ya siku, na mzazi anaweza kufa kwa kukimbilia shule kupitia kwenye maji. Nenda kamuulize mwalimu mkuu mpango wao ni upi, wanakimbilia wapi, wanamkabidhi mtoto kwa nani. Kuna mji wa Japani unaitwa Kamaishi, 2011 tsunami ilipokuja karibu wanafunzi 3,000 waliokuwa shuleni walipona, wakubwa wakiwashika mikono wadogo wakapanda mlimani bila kusubiri. Walikuwa wamefundishwa miaka kadhaa kwamba kila mtu akimbie, asimsubiri mtu. Sasa ile inaonekana kama ubinafsi ila kazi yake iko kwa wazazi, mtoto alikuwa anaenda nyumbani anamwambia mama mimi nitakimbia kwa hakika kwahiyo na wewe kimbia, usije kunitafuta. Mzazi akiamini hilo harudi kwenye hatari. Wewe na shemeji mkubaliane hivyohivyo, na muwe na sehemu mbili za kukutana, moja karibu ya nyumba na moja mbali kwenye mwinuko, na namba ya ndugu mmoja wa mkoa mwingine ambae kila mtu anamtumia meseji "nipo salama". Meseji sio kupiga, netiweki ikizidiwa simu ya sauti inagoma lakini meseji inajipenyeza. Namba hiyo watoto waikariri kichwani, simu zinaisha chaji.

Siku yenyewe ikifika, nakupa yale ambayo watu wanakosea.

Tetemeko, ukiwa ndani usikimbilie nje, wengi huumizwa mlangoni na ukutani kwa vitu vinavyodondoka, vigae, matofali, vioo. Shuka chini, ingia chini ya meza imara, shikilia mguu wake maana meza nayo inatembea. Kama hakuna meza, pembeni ya ukuta wa ndani mbali na dirisha, kichwa na shingo funika kwa mikono. Mama mkwe akiwa kitandani abaki kitandani, alale kifudifudi, mto juu ya kichwa. Hadithi ya kusimama kwenye fremu ya mlango iacheni, na ile nyingine ya kulala kando ya fanicha badala ya chini yake iacheni pia. Ila kwakweli kinachoamua kwenye tetemeko ni jengo. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0 kwenye kipimo cha matetemeko wakafa zaidi ya laki moja, mwezi uliofuata Chile ikapigwa la 8.8, nguvu yake karibu mara 500 ya lile, wakafa kama 525. Chile wana kanuni za ujenzi na wanazifuata. Kwahiyo kabati refu lililoko juu ya kitanda cha mtoto lifungwe ukutani wikendi hii, televisheni ishushwe, hiyo haina gharama ya maana. Na viatu, kila mtu aweke viatu kwenye mfuko vifungwe kwenye mguu wa kitanda, maana sakafu usiku ule ni vioo vitupu na mtu aliyekatika nyayo hambebi mtoto. Likitulia tokeni, msirudi ndani kwa sababu eti limeisha. Uturuki tarehe 6 Februari 2023 la kwanza lilikuwa 7.8 alfajiri, la pili 7.5 likaja masaa 9 baadae, majengo yaliyokuwa yamepasuka tu yakaenda chini.

Mafuriko, maji yanayotembea ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulifanya gari dogo lielee, 60 zinachukua magari mengi hata yale makubwa mnayojivunia. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, fikiria tani moja moja zinakusukuma miguuni na chini huoni kama barabara bado ipo. Kwahiyo hata yawe ya magotini na yanakwenda, geuka. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia, yakishaingia na umesimama ndani yake usiiguse hiyo swichi.

Wewe hukusema kama mko karibu na bahari, ila kwa wengine wanaosoma, mkiwa pwani ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu pandeni juu palepale msisubiri king'ora wala kuangalia kama bahari imerudi nyuma, wakati mwingine hairudi. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa karibu kabisa na tetemeko la Desemba 26, 2004, kina watu kama 78,000, walikufa 7. Hawakuwa na mtambo wowote. Walikuwa na neno moja, smong, lililobaki kwenye hadithi na nyimbo za bibi zao tangu tsunami ya 1907, ardhi ikitikisika kimbia mlimani. Na wimbi la kwanza sio lazima liwe kubwa kuliko yote, kaeni juu masaa kadhaa.

Baada ya hapo, watu wanadhani yamekwisha na ndo wanakufa kwa mambo madogo. Jenereta au jiko la mkaa ndani ya nyumba au kibarazani, ule moshi usio na harufu unalaza watu moja kwa moja. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana 2020 jenereta ziliua watu wengi kuliko maji ya bahari. Weka nje kabisa mbali na madirisha. Maji ya kunywa, chemsha yatokote dakika moja kamili, au kama huna moto yachuje kwa kitambaa safi alafu weka jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9 kwenye kibandiko, matone 2 kwa lita, yakiwa na ukungu matone 4, koroga, subiri nusu saa. Hiyo inaua vijidudu, haitoi mafuta wala kemikali, kwahiyo maji yanayonuka petroli hata uyachemshe siku nzima usinywe. Mtu akiharisha lita moja ya maji salama, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, anywe kidogokidogo. Chumvi usizidishe.

Na jambo moja ambalo linanikera kila msiba. Utasikia tuzikeni haraka maiti zitaleta magonjwa. Watu waliokufa kwa kifusi au kuzama hawaanzishi mlipuko, ni tofauti na waliokufa kwa kipindupindu au Ebola. Kinacholeta mlipuko ni walio hai wasio na choo na maji safi. Kufukia watu shimoni bila picha, bila namba, bila kuandika wamevaa nini, kunaacha familia zinazunguka miaka zinauliza.

Haya begi sasa. Sio lazima lile, begi lolote la mgongoni utakaloweza kulibeba huku umemshika mtoto mkono, jaribu kabisa kutembea nalo mpaka kule kwenye mwinuko ndo utajua kama umejaza upuuzi. Dawa za presha za mama za wiki 2 na karatasi yenye majina na vipimo vyake, muulize daktari wake akuandikie za ziada, dawa nyingine za presha ukikatisha ghafla presha inaruka juu. Miwani yake ya zamani. Tochi na betri zikae nje ya tochi, sio ndani. Redio ndogo, pawabenki, nakala za vitambulisho, hela ndogondogo maana mashine hazifanyi kazi umeme ukikatika, sabuni, pedi, chakula kisichohitaji kupikwa. Maji hayatoshi kwenye begi, kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku ya kunywa na usafi mdogo, nyie watano ni lita 20 kwa siku, kwa siku 3 ni lita 60, hizo ziwe kwenye madumu nyumbani kwa yule ndugu wa juu, sio kwako bondeni. Begi likae mlangoni chini, tochi moja itundikwe ukutani ambapo hata mtoto mdogo anafika.

Na siku moja jioni bila kumwambia mtu, zima umeme uangalie saa. Mama mkwe umpe filimbi yeye.